Vyumba Viwili vya Ruashi

Zaina tulimlilia katika ukumbi wa kukodi. Ndiyo, Zaina huyohuyo aliyekuwa na malupangu, viwanja vya nyumba za kupanga, mitaani Ruashi na Kasungami, mwenye milango ya kukodisha mingi kuliko meno niliyobaki nayo, kaliliwa juu ya viti vya plastiki, chini ya riboni za arusi ya watu wengine ambazo hakuna aliyejisumbua kuzibandua. Nilipouliza kwa nini hatukai nyumbani kwake, binti yake mkubwa alinijibu bila kupepesa macho: "Tantine, kila lupangu iko na balokatere. Tukiingiza kilio, batatukimbia." Nikasema sawa, mwanangu, wapangaji wasikimbie. Wenye ukumbi walitaka tutoke kabla ya magharibi, maana kulikuwa na sherehe nyingine, na vijana wao walikwisha kuanza kupanga meza nyuma yetu, nasi machozi hayajakauka. Nilikasirika. Nikachukua mkoba wangu nikahamia kiti cha karibu na mlango, penye hewa.

Hapo mlangoni ndipo wapwa wa Zaina waliponikuta, vijana wa suruali za kubana na simu mbilimbili. Wakaniinamia kwa adabu, wakavuta viti. "Tantine Kapinga, banasema weye na tantine Zaina njo mulianza pamoja. Mulifanya namna gani? Sisi pia tunataka kuingia mu mambo ya manyumba." Wakanionyesha kwenye simu bwana mmoja wa tai akifundisha watu kuwa matajiri kwa viwanja. Nikawapa waliyoyataka. Nunueni mahali ambapo kazi inakuja, si mahali ambapo kazi imekwisha fika. Msianze na nyumba kubwa ya kujionyesha. Anzeni na vyumba vya kukodisha, kodi ndiyo ijenge hiyo kubwa. Chagueni mpangaji kama mnavyochagua mkwe. Wakaandika, maskini, kwa vidole gumba. Yote niliyowaambia ni kweli na nitayarudia kesho mbele ya Mungu. Ila yalikuwa nusu tu, na ile nusu nyingine haisemwi mbele ya watu waliofiwa, kwa hiyo naiandika hapa.

Mwaka ule tulipoanza nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mshonaji wa nguo za kina mama, mtaani Kamalondo. Ya baba na mama na ukoo wa Kasai mnisamehe, siyasimulii. Walikuwapo, walinilea, basi. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja katika lupangu, yaani kiwanja kimoja chenye ukuta, nyumba kubwa ya mwenyewe mbele na mstari wa vyumba vya wapangaji nyuma. Mashine ya kushona iligusana na kitanda. Nikitaka kulala nilisukuma kiti chini ya meza, nikitaka kushona nilikunja godoro. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa Zaina na mama yake, Mama Aziza, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba hata nilijua wamepika nini kwa kusikia kisu. Ijumaa walipika wali wa nazi, nazi ya kopo, na Zaina alinipitishia sahani mlangoni akinitania kwamba sisi Wakasai tunapenda kusoma hadi tunasoma karatasi iliyofungia mkate. Nami nikamjibu kwamba wao Wangwana wa Maniema wanatia pilipili hata kwenye chai. Alikuwa muuza vitenge, mwenye sauti ya kumfanya mteja wa duka la pili ageuke. Mama Aziza naye alikuwa amefanya biashara miaka yote, kutoka Kindu hadi mpaka wa Zambia, mpaka miguu ilipoanza kumvimba na pumzi ikawa fupi. Sasa alikaa mlangoni juu ya mkeka, mbabula, jiko lake la makaa, mbele yake, akiendesha lupangu nzima kwa mdomo.

Mwenye nyumba wetu tulimwita Vieux Mbuyu, yaani Mzee Mbuyu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na masharti. Choo kimoja, bomba moja, mgeni asilale zaidi ya wiki. Siku moja nilimsikia langoni akimweleza mtu aliyekuja kutafuta chumba: "Apa kulala, kupika, kuzaa, yote sawa. Lakini kufwa, uende kufwa kwenu." Mama Aziza alicheka hadi akakohoa. Alidhani mzee anatania.

Hakuwa anatania. Kulikuwa na fundi wa magari chumba cha mwisho, Papa Kalala, mtu mpole mwenye kucha nyeusi za oili, na homa ilimchukua ghafula, ikampeleka hospitali, ikamaliza kazi yake huko. Mke wake alirudi asubuhi na ndugu zake, wameshikana mabega, kilio tayari kinywani, wakamkuta Vieux Mbuyu amesimama katikati ya lango. Kofia ameivua, ameishika kifuani. "Mama, pole. Kweli kabisa, pole. Lakini kilio apana apa. Nyumba yenye kuliliwa haipate tena lokatere, bantu banaogopa. Na choo njo ile moja, unajua weye mwenyewe." Yule mama hata hakubisha. Nadhani hakuwa na nguvu ya kubisha na ya kulia pamoja. Walitandika mikeka barabarani, ukingoni mwa mtaro wa maji machafu, na tukaenda kukaa nao. Baa ya ng'ambo ilipunguza muziki siku ya kwanza. Siku ya pili wakaupandisha, biashara ni biashara. Na kila gari lilipotaka kupita, tuliinuka, tukakunja mikeka, tukajibana ukutani na watoto, gari likapita, tukatandika tena, na mjane akaendelea kulia pale alipokuwa ameachia. Jamani! Nimeona mengi mabaya tangu hapo, na bado nikifumba macho ni mikeka ile naiona inakunjwa.

Mama Aziza hakuweza kutembea hadi barabarani. Aliangalia yote kutoka mlangoni kwake kupitia lango lililokuwa wazi. Jioni tulikula bukari, ugali wetu, na mboga za lengalenga sisi watatu, yaani mimi na Zaina tulikula. Yeye alikata tonge, akalirudisha.

"Zaina."

"Mama."

"Siku yangu ikifika, musinililie mu barabara."

"Mama, usiseme bile, tuko tunakula."

"Niko nasema. Nimezaa, nimezika, nimelilia bantu ya mingi. Mi sitake gari ipite mu kilio yangu."

Zaina alifanya kama amecheka. Halafu akanawa mikono kabla chakula hakijaisha, akatoka kusimama uani peke yake.

Kesho yake aliingia kwangu bila hodi, mimi nina pini mdomoni. "Kapinga, tununue lupangu." Nikatema pini. Nikamuuliza na nini, na makaratasi ya mikate? Akasema na likelemba, ule mchezo wa akina mama wa kupokezana akiba, zamu yake ilikuwa karibu na yangu ikifuata. Mimi zamu yangu nilikuwa nimeiwekea mashine mpya ya zigizaga. Niliiota hata usingizini. Lakini Zaina alijua kunikamata. Hakunitajia mama yake. Alinitajia kodi. "Mashine itazeeka na weye. Chumba itakulisha mpaka siku ya kufwa." Basi nikaingia. Mimi nilitaka kodi, yeye alitaka mahali pa kumlilia mama yake, na vyote viwili tukaviita kwa jina moja: kuwekeza. Hatukuona tofauti, na kwa miezi kadhaa haikuwapo.

Tulichagua Ruashi kwa sababu mgodi ulikuwa unachukua watu upya, na kila aliyepata kazi alihitaji mahali pa kuweka kichwa. Kiwanja tulichopata kilikuwa mbali na lami, upepo ukileta vumbi la mgodi, lakini kilikuwa na kichuguu kirefu kupita paa la nyumba, na kwetu kichuguu ni mali. Udongo wa mchwa ndio unaotoa matofali. Mwenye kichuguu hanunui tofali hata moja. Anakata kilima chake, anafyatua, anachoma palepale, na kilima kinageuka kuwa kuta. Karatasi zilipita kwa mkuu wa mtaa, zikapita ofisi ya komini, zikapigwa mihuri, wala sina la kulalamika juu yake. Balaa yetu haikutoka kwenye karatasi.

Nikikumbuka mwaka ule nakumbuka kwanza udongo. Zaina alikuwa kiwanjani tangu asubuhi, kanga kiunoni, akigombana na wafyatuaji kwa mapenzi. Mimi nilifika Jumapili baada ya kanisa, nikivua viatu vya ibada langoni. Tulikula mihogo na karanga tukiwa tumekaa juu ya matofali mabichi yaliyofunikwa majani, tukanywa munkoyo, togwa yetu ya mahindi, kwa zamu kutoka kikombe kimoja. Tanuri lilipowaka, mtaa mzima ulinuka moshi wa kuni na majirani walikuja kuota moto na kupiga domo. Siku moja Zaina alikodi gari akamleta mama yake. Kuta hazijapanda, kulikuwa na kamba tu juu ya vigingi. Tukamuuliza anataka chumba kipi. Mama Aziza akazunguka na fimbo yake polepole, akasimama upande wa barabara. "Apa. Na dirisha iangalie bantu banapita." Akatandikiwa mkeka ndani ya zile kamba, akajinyoosha, akalala. Alilala kama mtoto, mdomo wazi, jua likimpiga miguuni. Hatukuthubutu kupaza sauti hadi alipoamka. Kama ningepewa kuchagua siku moja ya kumrudishia Zaina huko aliko, ningempa hiyo.

Vyumba vilikuwa viwili. Tuliafikiana cha nyuma kiwe cha kodi yangu, cha dirisha kiwe cha Mama Aziza. Kuta zikafika juu, na hapo fedha zikaisha, kama zinavyoisha kwa kila mtu, juu ya mlango na chini ya bati. Na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Zambia. Mimi nilimpata dereva wa malori ya madini, mtu asiyekaa, aliyetaka tu mahali pa kufungia vitu vyake. Alilipa garanti, yale malipo ya miezi ya mbele, na garanti yake ikanunua bati za upande wangu. Upande wa Zaina ulibaki wazi, mbingu ikiangalia ndani. Jioni ile nilikuwa nashona shati nikasikia ukuta unazungumza.

"Weka lokatere mu chumba yangu," alisema Mama Aziza.

"Apana, mama. Ile chumba ni yako."

"Chumba bila bati ni ya nani? Ni ya mvula. Sikia, Zaina. Garanti yao itanunua bati, kodi yao itajenga nyumba kubwa. Nyumba yenye kulala bule haizae. Mi nilikufundishaka biashara ao sikukufundisha?"

"Na weye?"

"Mi nitangoja. Niko naenda wapi na hii miguu?"

Nikasikia Zaina anapuliza makaa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Niliacha cherehani. Hadi leo najiuliza nani alikosea jioni ile. Yule mama alisema kilekile nilichowaambia vijana wa simu pale ukumbini, kilekile anachosema bwana wa tai. Weka wapangaji kwanza. Ni hesabu nzuri. Ila wahenga nao walisema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na sisi tulikuwa tunajenga nyumba ambayo wote watatu hatukulala ndani.

Wapangaji wa chumba cha dirisha walikuwa Mado na Fiston. Fiston alifanya kazi mgodini, kimya, mikono mikubwa. Mado alikuwa msichana tu, mwembamba kila mahali isipokuwa tumbo, maana mimba ilikuwa kubwa. Alifika na godoro kichwani, mkono mmoja tu ukilishika, akaingia mlangoni bila kuligonga popote, akaanza kufagia hata kabla ya kusalimia vizuri. Zaina aliwasimamisha uani, akakunja mikono. Sisi tulikuwa tumezoea masharti ya Vieux Mbuyu. Yeye alikuwa na moja tu, na alilisema kwa fahari kama mtu anayefungua duka. "Kwangu mi, mukifiwa, mutalia mu lupangu. Sitafukuza muntu na kilio yake ku barabara. Munasikia?" Mado akashika tumbo, akacheka, akimwita ya, yaani dada mkubwa. "Ya Zaina, sisi tunakuya kuzaa apa, haiko kufwa!" Tukacheka wote, hata Fiston. Katika wapangaji wote wa Zaina, na walikuja kuwa wengi, hao ndio wa mwisho niliosikia akiwaambia maneno yale.

Mvua zilianza na bati hazikuvuja. Kodi ya kwanza ikachimba msingi wa nyumba kubwa. Lakini Kamalondo, nyuma ya ukuta wangu, pumzi ya Mama Aziza ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na mluzi ndani. Hakulala tena, alikaa ameegemezwa mito, na asubuhi miguu yake ilikuwa ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Nilimwambia Zaina tumhamishie Ruashi, hata kama ni kwa kubanana. "Mwezi wenye kuya," akasema. "Kuta ya nyumba kubwa ikipanda, anaingia, chumba yake mbili, haiko moja." Nikamwambia mwezi ujao ni wa Mungu. Akanijibu kwa ukali kwamba nami nimekuwa daktari. Halafu jioni akaniletea wali, bila neno, ndivyo alivyoomba radhi siku zote. Mado alijifungua wiki ile, mtoto wa kiume, na Zaina alikwenda kumwona na sabuni na kitenge kipya, akarudi anang'aa. "Mutoto ya kwanza kuzaliwa mu lupangu yetu," akamwambia mama yake, na Mama Aziza akataka aelezwe masikio yakoje, pua ikoje, analia kwa sauti gani.

Alikufa baada ya sala ya alfajiri, mvua inanyesha. Sikusikia kilio, nilisikia mluzi umekoma. Nilipoingia, Zaina alikuwa anamfunga kidevu kwa kitambaa, uso mkavu kabisa. Vieux Mbuyu akaja na kofia yake kifuani, akaleta ndoo mbili za maji kwa mikono yake mwenyewe, maji ya bomba lake. "Mumuoshe mama muzuri, mi sikatale. Lakini kisha kuosha…" Zaina hakumwacha amalize. "Papa, kisha kuosha tunaenda kwetu." Sijawahi kusikia mtu akilitamka neno hilo vile. Mzee akainamisha kichwa, na nadhani alimheshimu.

Tukaenda Ruashi kwa gari la kukodi, maiti katikati, wajomba wawili wa Zaina, kina mama wa vitenge wamekaa wamefunika vichwa kwa nailoni. Njia ilikuwa tope. Tulipofika, uani hapakuwa na mahali pa kuweka mguu: msingi wa nyumba kubwa umejaa maji kama josho la ng'ombe, matofali yamerundikwa huku na huku. Chumba cha nyuma kilikuwa na kufuli, na dereva na ufunguo wake walikuwa njia ya Kasumbalesa; kuvunja mlango wa mpangaji aliye safarini ni kujitafutia jina la mwizi. Zaina hata hakukitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha dirisha, akagonga.

Mado alifungua, mtoto kifuani. Alipoona kitambaa cheupe garini akashika mdomo. "Ya Zaina! Mama? Pole, ya Zaina, pole sana." Na machozi yakamtoka kweli, hapohapo.

"Asante. Nitolee chumba, tumuingize mama."

Ilimchukua muda kuelewa. "Mu chumba? Ya Zaina, mutoto kitovu yake iko bado kuanguka. Kwetu mutoto wa bile haikale pamoja na maiti, haiwezekane."

"Basi, toka naye."

"Nitaenda wapi na hii mvula? Fiston eko ku kazi mpaka mangaribi."

"Sijue, Mado."

Nikamshika Zaina mkono. Nikamwambia tufunge turubai uani, mvua itapita, binti huyu kazaa juzi tu. Alinigeukia, na maji ya mvua yalikuwa yanamtiririka kidevuni. "Turubai? Mama yangu aoshwe kwa bantu, aliliwe inje, na nyumba iko yangu? Weye ulimusikia, Kapinga. Ulikuwa pale, ulikuwa unakula naye."

"Wamelipa garanti, Zaina."

"Nitabarudishia. Leo iko kwangu."

Mtu asiyejua angedhani kulikuwa na makelele. Hakukuwa na makelele hata kidogo. Wajomba walibeba godoro, mmoja kila upande, wakisema samahani walipompita Mado mlangoni. Wakatoa sufuria, ndoo, begi la nguo za mtoto, picha ya arusi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama muuza mandazi, akafungua kibaraza chake, akampokea msichana na mtoto wake. Godoro halikuenea, likabaki nje juu ya matofali, likinywa maji. Mimi nilivuka nikalifunika kwa nailoni yangu ya kichwa. Haikufika hata nusu.

Basi Mama Aziza akaingia chumbani mwake. Alilazwa chini ya dirisha, uso umeelekezwa kibla, na kina mama wakajaa ndani wakabanana hadi ukutani. Tulilia. Nawaambia kuna kilio kizuri, na kile kilikuwa kizuri: hakuna aliyetuinua, hakuna aliyetuhimiza, sauti zetu zilipiga bati zikaturudia. Sala ikasaliwa, wanaume wakamchukua kwenda kumzika, sisi tukabaki tumeketi. Yote yakawa kama alivyoagiza. Zaina peke yake ndiye hakutoa chozi. Alipanga mikeka, aliuliza wali umefika wapi, alitafuta nani hana kikombe, alifuta tope mlangoni kwa gunia, akafuta tena.

Wanaume walipokuwa makaburini, Mado aliingia. Mtoto alikuwa amemwacha kwa mama wa mandazi. Alikuwa amefunga kitenge kiunoni kama inavyotakiwa, akavua kandambili nje, akatafuta nafasi karibu na kizingiti cha chumba alichoamka ndani yake asubuhi ile, akanyoosha miguu kama sisi wote, akalia. Hakulia kwa kunong'ona. Alimwita Mama Aziza kwa jina, akamshukuru kwa kuulizia masikio ya mwanawe, maana salamu zile zilikuwa zimemfikia. Kwani kifo kikiingia lupangu unayokaa ni chako, hata kama umetolewa. Ndivyo alivyolelewa, na hakuona sababu ya kuacha. Alipokwisha kulia akachukua ndoo, akateka maji kisimani, akachuchumaa uani akaosha sahani zetu, polepole, maana mwili wake ulikuwa bado una maumivu. Mama mmoja wa Kamalondo akaniuliza sikioni, "Huyu binti ni wa nani? Amefundishwa vizuri."

Fiston alifika jua likizama, buti zimejaa tope la mgodi. Alisimama langoni, akaona mikeka, akavua kofia yake ya chuma. Mado akamwendea, wakazungumza kidogo, sikusikia neno. Nilimwona tu Fiston akitazama ng'ambo, kule godoro lilikokuwa, kisha akitazama chini. Halafu Mado akarudi ndani. Akapita kati ya miguu ya kina mama akisema samahani, samahani, akafika alipoketi Zaina, akapiga goti kama mdogo mbele ya mkubwa wake, akanyoosha mikono yote miwili.

"Ya Zaina, pole tena. Mungu amupokee mama. Tunaenda Kasungami, kwa yaya yake Fiston, mukubwa yake. Fungulo njo hii."

Zaina akaipokea. Akaitazama kiganjani. Na Mado alikuwa amekwisha kuinuka, amevaa kandambili zake, anavuka barabara kwenda kumchukua mtoto. Hapo ndipo Zaina alipopiga ukelele. Sijui niueleze vipi. Alianguka mbele juu ya mkeka, akajipiga kifua kwa ile ngumi yenye ufunguo, akalia hadi watu wa nje wakasimama. Kina mama wakamrukia, wakamshika mikono, wakamfunga kitenge kiunoni asijiumize. Mimi nilikuwa karibu yake kuliko wote, na sikumgusa.

"Mumuache, mumuache alie," mmoja wao alisema, akimpangusa uso. "Ni sasa njo amejua mama yake amekufwa."